Miezi Sita Trieste: Uchambuzi wa Kisa cha Mtafiti Aliyetafuta Chakula cha Wenyeji

Kisa hiki ni cha mtafiti kutoka pwani ya Tanzania aliyeishi Trieste, kaskazini-mashariki mwa Italia, tangu mwanzoni mwa Oktoba hadi mwisho wa Machi. Nitamwita S. Nimeondoa taasisi yake, mtaa aliopanga na majina ya migahawa yote aliyokula. Mimi niliishi mji huo miaka kadhaa kabla yake, na kwa miezi hiyo sita nilikuwa mshauri wake wa simu. Makosa mawili makubwa yaliyomo humu ni yangu, na nimeyaacha wazi kwa sababu ndiyo yenye mafunzo zaidi.

Ninawaandikia wale wanaokwenda kwa miezi mitatu, sita au tisa. Muda huo ni mrefu mno kuishi kama mtalii, na ni mfupi mno kusubiri wenyeji wakuzoee wenyewe.

Usuli

Anayeibeba Italia kichwani kama pizza, tambi na mchuzi wa nyanya hupotea akifika Trieste. Mji huu wa watu wapatao 200,000 ulikuwa chini ya ukoo wa Habsburg, watawala wa Austria, tangu mwaka 1382 hadi 1918. Mwaka 1719 ulitangazwa kuwa bandari huru, wakamiminika wafanyabiashara Wagiriki, Waserbia, Wayahudi na wengineo, huku Waslovenia wakiwa tayari na vijiji vyao kwenye Carso, uwanda wa mawe ulio juu ya mji. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ukawa wa Italia. Tangu 1947 hadi 1954 ulikuwa eneo huru, ndipo ukarudi Italia. Kwa hiyo mgahawa mmoja wa kawaida mjini humo unaweza kupika gulash, mchuzi mzito wa nyama na vitunguu, Jumanne, Jumatano ukapika jota, supu ya maharage na kabichi iliyochachushwa, na Ijumaa samaki wa bahari ya Adria. Pizza ipo, lakini hakuna bibi wa Trieste atakayekuambia ndiyo chakula cha kwao.

Wanasayansi wengi wa Afrika wanaujua mji huu kupitia ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichoanzishwa mwaka 1964 na Mpakistani Abdus Salam. Zipo pia taasisi nyingine nyingi, kwa hiyo kukutana na Mkenya au Mtanzania kwenye basi si ajabu.

S. ni Mwislamu. Hali nguruwe, hanywi pombe, na nyama ya ng'ombe au kuku hali mpaka ajue imechinjwa vipi. Huo ni mtihani mkubwa Trieste, kwa sababu fahari ya mji ni nguruwe. Kuna aina ya mgahawa wanayoiita buffet, ambayo haihusiani na maana tuliyoizoea ya meza ya kujipakulia. Ni duka dogo lenye kaunta, na nyuma ya kaunta kuna caldaia, sufuria kubwa la maji ya moto ambamo vipande vya nguruwe vya kila namna huchemka tangu asubuhi. Huliwa na haradali na kren, mzizi mkali unaokunwa na kukutoa machozi.

Alikuwa na jiko la kuchangia, posho ya kubana, na maneno kama hamsini ya Kiitaliano. Lengo lake alinitajia siku ya kuondoka: "Kaka, sitaki kurudi Tanga nikaulizwa Waitaliano wanakula nini nikajibu pizza."

Wiki mbili za kwanza: saa ndiyo iliyomshinda

S. alikuwa akitoka kazini saa tisa alasiri, na njaa yake ilikuwa ya saa hiyo. Jiko la mgahawa wa wenyeji hufanya kazi kama saa sita na nusu hadi saa nane na nusu mchana, kisha huzimwa. Hufunguliwa tena saa moja na nusu usiku au baadaye. Katikati ya hapo, mlango unaweza kuwa wazi na watu wamekaa, lakini wanakunywa tu.

Sehemu zinazopika saa tisa ni zile zinazoishi kwa wageni, na nyingi ziko kandokando ya Piazza Unità d'Italia, uwanja mkuu wa mji, na Canal Grande, mfereji wa katikati ya mji. Huko ndiko alikokula siku tisa kati ya kumi na nne za mwanzo. Menyu zilikuwa na picha. Siku moja alilipa euro 18 kwa tambi za kamba, kamba wenyewe wanne na wakiwa na ladha ya friza, kisha akakuta euro 3 zaidi kwenye bili zimeandikwa coperto. Hiyo ni ada ya meza na mkate, ya kawaida katika sehemu nyingi za Italia, lakini hakuna aliyekuwa amemwambia, nami nikiwemo.

Alinitumia picha ya sahani. Nikamjibu atafute kwenye simu mgahawa wenye nyota nyingi. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Nyota za katikati ya mji wenye watalii hutolewa zaidi na watu wanaolala usiku mmoja au miwili. Wanasifu mandhari, tabasamu la mhudumu na machweo juu ya bahari. S. alifuata nyota hizo akazunguka uwanja uleule.

Bakuli la jota

Wiki ya tatu nilimpa jina la buffet niliyoipenda nikamwambia aagize jota. Nilimhakikishia ni maharage, viazi na kabichi chachu tu. Niliamini hivyo kwa moyo wote, maana jota niliyoizoea mimi ilipikwa na mama mwenye nyumba wangu siku za Ijumaa, na Ijumaa yule mama hakuwa akitia nyama katika chungu chochote.

Naieleza jota hapa kwa sababu inastahili. Maharage ya madoadoa huchemshwa na viazi hadi vilainike, nusu yake husagwa ili supu iwe nzito. Kabichi, wanayoiita capuzi garbi, hupikwa pembeni na kitunguu saumu na pengine binzari nyembamba, halafu vyote viwili huunganishwa na kuachwa. Jota ya leo huliwa kesho. Ukiionja mara ya kwanza ukali wake unakushtua, kama mchuzi uliozidishwa ndimu. Kijiko cha nne kinakuja kwa hiari yako.

S. alifika saa saba mchana, saa sahihi safari hii, akasimama kaunta akauliza: "C'è carne?" Kuna nyama? Mhudumu akajibu hapana, ni maharage na kabichi. Akala hadi nusu bakuli. Kijiko kikatoka na kipande laini, cheupe, chenye kung'aa, upana wa ukucha wa kidole gumba, upande mmoja una vitundu vidogo vya vinyweleo.

Ujumbe wake wa sauti ninao hadi leo. "Shikamoo kaka. Kuna ngozi ndani." Kisha kimya kirefu, sauti za vijiko na watu, halafu akakata.

Mhudumu hakumdanganya. Kwa wapishi wengi wa Italia neno carne ni mnofu, kipande unachokiona ukakikata kwa kisu. Ngozi ya kuongeza ladha, vipande vya pancetta, yaani nyama ya tumbo la nguruwe iliyokaushwa, mafuta ya nguruwe ya kukaangia, mchuzi wa mifupa: hivyo ni viungo, ni sehemu ya upishi kama chumvi. Swali la S. lilikuwa sahihi kwa Kiswahili, na jibu alilopewa lilikuwa sahihi kwa Kiitaliano.

Wiki tatu za wali na tuna wa kopo

Baada ya hapo aliacha kutafuta. Alipika wali, akafungua kopo la tuna au la maharage, akala chumbani. Nilimpigia mara kadhaa, akawa anajibu kwa heshima na ufupi. Alisema hakuwa na hasira. Alichokuwa nacho ni uchovu wa kuichunguza kila sahani kama mtuhumiwa.

Sikumshinikiza, na nadhani nilifanya vyema. Mtu aliyelishwa haramu bila kujua hahitaji kuambiwa ajaribu tena kesho.

Foleni ya duka la samaki

Mabadiliko yalianza katikati ya Novemba. Alikuwa akipita mbele ya duka la samaki la mtaani akaona trei ya samaki wadogo wenye mgongo wa buluu na ubavu wa fedha. Kibao kilisema sardoni. Kwa jina hilo mtu atadhani ni sadini. Trieste sardoni ni anchovi, na wanaosifiwa zaidi ni wale wanaovuliwa mbele ya Barcola, ufukwe wa mji wenyewe. Mtu wa Tanga hahitaji kamusi kwa jambo hilo: aliwatazama akaona dagaa mchele waliokua wakawa wakubwa, na ukoo ni huohuo kweli.

Akaingia, akauliza swali alilojifunza darasani: "Come si fa?" Inatengenezwaje?

Muuzaji alimwambia kuna njia mbili. Ya kwanza, impanai: unamng'oa samaki kichwa na mwiba kwa kidole, unamfungua kama kitabu, unamchovya kwenye unga, yai, na chenga za mkate, unamkaanga. Ya pili ni savor. Unawakaanga kwa unga mtupu, unapika vitunguu vingi taratibu kwa mafuta ya zeituni mpaka viwe laini, unatia siki, unavipanga tabaka kwa tabaka na samaki, kisha unaacha siku moja au mbili. Hapo bibi mmoja kwenye foleni akaingilia kwamba vitunguu visibadilike rangi hata kidogo. Muuzaji akasema kidogo viwe dhahabu. Mwanamume wa nyuma akataja zabibu kavu na mbegu za msonobari, wote wawili wakamgeukia: hayo ni mambo ya Venezia!

S. alitoka na nusu kilo ya sardoni, maelezo yaliyoandikwa kwenye karatasi ya kufungia, na kitu cha thamani zaidi. Yule bibi, alipojua kwamba mgeni hali nguruwe, alimtajia mgahawa mdogo huko San Giacomo, mtaa wa wafanyakazi ulio juu kidogo ya katikati ya mji, ambako Ijumaa hupikwa samaki. Akamwambia mpishi ni mwanamke na ndiye wa kuzungumza naye, mhudumu hajui kilichomo.

Kadi, na sababu za kuiandika vile

Kabla ya kwenda, S. aliamua kuandika kadi. Alinisomea kwa simu, tukaibadilisha mara tatu. Rasimu ya kwanza ilisema "mimi ni Mwislamu, naomba chakula halali." Tuliiacha kwa sababu inampa mpishi kazi ya kukisia sheria asiyoijua. Ya pili ilisema "bila nguruwe", na tayari tulikwishaona neno moja linavyoteleza. Ya tatu ndiyo iliyotumika:

"Non mangio maiale: niente carne di maiale, niente pancetta, speck o prosciutto, niente strutto, niente brodo di maiale. Niente vino nella pentola. Pesce e verdure vanno benissimo."

Yaani: sili nguruwe, wala mnofu, wala vipande vya kukaushwa, wala mafuta yake, wala mchuzi wake. Divai isiingie sufuriani. Samaki na mboga ni sawa kabisa. Sentensi ya mwisho aliiongeza yeye, na ninaiona kuwa muhimu kuliko zote. Mpishi akisoma mstari mmoja wa makatazo baada ya mwingine hujifunga, na anahitaji kuona mlango.

Ijumaa ya kwanza alifika saa sita na nusu kamili, kabla watu hawajajaa. Menyu ilikuwa karatasi moja ya mkono yenye vyakula tisa. Mpishi alitoka jikoni akijifuta mikono, akaisoma kadi yote, akaomba kalamu, akaanza kukata menyu yake mwenyewe. Viazi vya kikaangoni, patate in tecia: pancetta, akakata. Gnocchi za mkate, yaani madonge ya kuchemsha: speck, nguruwe wa kukaushwa kwa moshi. Jota: ngozi. Ngisi na polenta: divai. Aliendelea hivyo hadi vikabaki vitatu: sardoni wa kukaanga, saladi ya radicio, mboga ya majani machungu, na maharage yenye mafuta ya zeituni, na gnocchi za plamu.

Hizi za mwisho S. alizipenda kuliko chochote. Ni donge la viazi na unga lililofunika plamu nzima. Mbichi zilikuwa zimekwisha msimu, kwa hiyo mpishi alitumia zilizokaushwa. Donge huchemshwa, kisha hubiringishwa kwenye chenga za mkate zilizokaangwa kwa siagi, sukari na mdalasini. Trieste hula kitu hicho mwanzoni mwa mlo, mahali ambapo Mwitaliano mwingine angeweka tambi. Kwa mtu aliyelelewa na tambi za sukari na visheti, utamu kabla ya chumvi si kioja.

Alipokuwa analipa, mpishi alimwambia: Ijumaa ijayo nitafanya ngisi bila divai, uje. Alikwenda. Polenta ni ugali wa mahindi ya njano uliolegea kidogo, na ngisi walikuwa wamepikwa kwa wino wao mpaka mchuzi ukawa mweusi ti. S. aliniandikia maneno mawili tu: "Ugali, kaka."

Kahawa asubuhi

Sehemu hii nitaipitia upesi, ingawa ilimsaidia. Trieste ni bandari kubwa ya kahawa, na Italia ni mmoja wa wanunuzi wakubwa wa kahawa ya Uganda, kwa hiyo huenda kikombe kina kitu cha kwetu. Mji una lugha yake kaunta. Espresso ni nero. Yenye povu dogo la maziwa ni capo, na ikitiwa kwenye glasi ndogo ni capo in b. Ukiomba cappuccino unaweza kuletewa kitu kidogo kuliko ulichotarajia. S. alijifunza kuagiza "capo in b" katika baa moja kila asubuhi, na kufikia Desemba muuzaji alikuwa akimwambia bila kuulizwa nani kaleta radicio nzuri sokoni.

Osmiza

Januari wenzake walimwalika osmiza. Mwaka 1784 Kaisari Joseph wa Pili aliwaruhusu wakulima kuuza mazao yao nyumbani kwa siku nane, na neno lenyewe linatoka kwa osem, nane kwa Kislovenia. Desturi ipo hadi leo vijijini Carso: nyumba ikifungua, tawi la mmea hutundikwa njia panda na mshale mwekundu kuonyesha upande. Unakaa kwenye mabenchi ya mkulima na kula alichotengeneza mwenyewe: hamu, soseji, jibini, mayai ya kuchemsha, mboga za siki, na divai yake.

S. alifikiri siku mbili. Divai itakuwa juu ya meza, na watu wa dini watatofautiana kuhusu kukaa hapo. Aliamua kwenda mara moja, akakaa mwisho wa benchi na wasiokunywa, akaomba jibini likatwe kwa kisu na ubao tofauti na ule wa hamu. Mkulima alimwelewa na hakukunja uso. Jibini lilikuwa zuri, mayai pia. Aliporudi aliniambia hatarudia, kwamba moyo wake haukutulia. Sikumbishia. Mara mbili baadaye alipanda basi hadi vijiji vilevile kununua jibini na asali ya Carso akarudi nazo nyumbani.

Ramadhani

Mwezi ulimkuta mwishoni mwa ukaaji wake, na saa zikawa adui tena. Machi jua la Trieste huzama kati ya saa kumi na mbili kasoro na saa kumi na mbili na nusu jioni. Jiko la mgahawa halijawashwa, na mikate mizuri dukani imeshachukuliwa.

Ila sasa alikuwa na vyakula viwili ambavyo kwa asili yake hupikwa leo kuliwa kesho. Kila Jumapili alipika chungu cha jota, kabichi ya sokoni na maharage, bila ngozi, na kijiko cha binzari zaidi ya kile wanachotia wenyeji. Kila Jumatano alitengeneza savor. Futari ilikuwa tende, jota ya moto, na sardoni baridi waliolala kwenye vitunguu na siki. Mwanafunzi wa Kibangladeshi waliyechangia jiko alianza kufuturu naye. Ndiye aliyempeleka Monfalcone, mji wa viwanda vya meli ulio karibu kwa treni, wenye jamii kubwa ya Wabangladeshi na mabucha ya halali. Hapo ndipo S. alipopika gulash yake ya kwanza: nyama na vitunguu kwa uzito sawa, kama wafanyavyo Trieste, paprika, na saa tatu za moto mdogo.

Matokeo

Aliondoka akiwa mteja wa kudumu wa sehemu tatu: mgahawa wa San Giacomo, duka la samaki, na baa ya kahawa. Mlo wake wa Ijumaa ulikuwa euro 12 au 13, chini ya ile sahani ya kamba wanne. Alikuwa na upishi sita wa Trieste anaoweza kuupika bila kusoma. Gulash ya mgahawani hakuionja, wala buffet hakuingia tena. Wiki tatu za kopo hazikurudi.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Swali. "Kuna nyama?" ni swali la ndiyo au hapana, na jibu lake linategemea kamusi ya anayejibu. "Inatengenezwaje?" humlazimisha mtu kutaja vitu kimoja kimoja, na nguruwe akiwemo atatajwa kwa jina lake. Zaidi ya usalama, swali hilo linamheshimu mpishi. Foleni nzima ya duka la samaki ilifunguka kwa sababu mgeni aliuliza namna ya kupika, jambo ambalo kila mmoja pale alikuwa na msimamo nalo.

Kuzungumza na anayeshika mwiko jikoni. Mhudumu wa kaunta ana foleni na hajui kilichotiwa saa mbili asubuhi. Mpishi anajua, na kama umemfikia kabla jiko halijachemka ana nafasi hata ya kukubadilishia Ijumaa ijayo.

Kurudi siku ileile, saa ileile. S. hakula sehemu nyingi. Angezunguka migahawa ishirini, hakuna hata mmoja ambao ungempikia ngisi bila divai.

Tena jicho lake la nyumbani lilimsaidia kuliko nilivyotarajia. Nilidhani kazi yake ilikuwa kuisahau Tanga ili aione Trieste. Kumbe aliiona kupitia dagaa, ugali na vitu vya siki. Asingekuwa na dagaa kichwani, ile trei ya fedha angeipita.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Ushauri wangu kuhusu nyota ulikuwa wa uvivu. Ushauri wangu kuhusu jota ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu nilichukua chungu cha nyumba moja siku ya Ijumaa nikakifanya kuwa sheria ya mji. Chakula cha wenyeji hakina toleo moja. Ningepaswa kusema: nimekula bila nyama kwa mama fulani, lakini buffet sijui, uliza mpishi.

Hakuna kati yetu aliyefikiria ratiba kabla ya safari. Tulizungumza makoti, viza, benki. Laiti S. angejua tangu siku ya kwanza kwamba chakula kizuri kinazimwa saa nane na nusu, angeomba mapumziko yake mapema, jambo aliloliomba Novemba na kukubaliwa siku hiyohiyo.

Kadi nayo ina mipaka. Ilifanya kazi kwenye jiko dogo lenye mpishi mmoja. Aliijaribu mara moja kwenye mgahawa mkubwa Jumamosi usiku, ikarudi na jibu "tutaona," na akaondoka. Naona alifanya sawa.

Kuhusu osmiza, sioni kwamba alikosea kwenda wala kuacha. Kosa letu lilikuwa kuihesabu kama jambo la kujaribu au kutojaribu, wakati jibini na asali vilikuwa vinauzwa mlango uleule kwa anayetaka kuchukua aende zake.

Jambo moja bado analifanyia kazi. Dagaa mchele wa kwetu ni wadogo mno kufunguliwa kama kitabu, na wakikaangwa wakavu wanakunywa siki yote wakawa chachu tupu. Jaribio la kwanza la savor huko Tanga lilimwagwa. La pili alitumia siki ya nazi nusu ya kipimo na kuvipika vitunguu kwa muda mrefu zaidi, bila kubadilika rangi, kama alivyotaka yule bibi wa foleni. Mama yake alikula na chapati, akauliza kama zimebaki.